Sakitu ya Saiq

Askari wa kizuizi pale Birkat al-Mauz
alitumulika miguu kabla ya uso.
"Kandambili?" akamuuliza Humaid.
"Huko juu leo maji yamelala magumu."
Humaid akacheka, akatia gia ya mlima,
nami nyuma nimekumbatia mikoba miwili:
mmoja wa kamera,
mmoja wa chupa ya chai ya tangawizi
aliyoichemsha mama usiku, kule Mabela,
akisema baridi ni mdudu, huingilia nyayoni.

Kona. Kona. Masikio yakaziba.
Mitende ilibaki chini na joto lake,
ikaanza mireteni, imepinda
kama wachukuzi waliotuliwa mzigo zamani
na migongo haijapata habari.

Tulipofika bwawani hapakuwa na bwawa.
Palikuwa na weupe,
umekaa kila mahali pa kukaa.
Ukuta wa zege ulianza vizuri, hatua kumi,
kisha ukakatika
kama maneno ya mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Nikasikia tone. Nikasikia mbuzi akikohoa.
Nikaisimamisha kamera kwa miguu yake mitatu
juu ya majani yaliyovunjika chini ya viatu
kama kachiri mdomoni.

Sakitu.
Neno hili nililikuta kwenye kamusi ya marehemu baba,
ukurasa ulioliwa na mende pembeni.
Nyumbani hatukuwa na haja nalo.

*Kitendawili. — Tega.
Mgeni wangu wa usiku, kanzu yake ni nyeupe,
ukimshika huuma, jua likija haagi.*

Betri ya kwanza ilikufa picha ya tatu.
Ya pili niliitia kwapani, nikaiatamia.
Pumzi yangu ikakipofusha kioo,
nikajifunza kupumulia pembeni
kama mtu anayezungumza mbele ya mkwe.
Picha ya nne: ukurasa mtupu.
Ya tano: ukurasa mtupu, umekunjamana kidogo.
Ya sita ni dole gumba langu.

Humaid garini, kioo juu, anakoroma.

Kisha ukungu ukasogea, si mwingi,
kiasi cha mtu kukupisha mlangoni,
na ng'ambo ya maji ukatokea mkomamanga
uliokwisha majani yote,
komamanga moja tu limesahauliwa tawini,
limepasuka, limekauka,
na mdomoni mwake pametanda chembe nyeupe.
Chini yake, majini, komamanga la pili.
Kando ya maji barafu nyembamba kama ngozi ya maziwa,
yenye alama ya kwato moja.
Nikasema, sasa.
Nikasema, usitikisike, hata wewe upepo.

Akatokea mtoto.
Yaarub, alisema baadaye, wa nyumba ya pampu,
ametumwa kuona kama bomba limeganda.
Hakuniona, au aliniona na hakujali.
Akainama, akaokota jiwe,
akalirusha juu ya barafu
ili alisikie likiimba.
Nalo liliimba: sauti nyembamba, ya kupanda,
kama waya uliokatwa ghafla.
Kisha kioo changu chote,
komamanga la juu na la chini,
kikatetemeka, kikavunjika, kikaenda zake.

Kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Jua lilichomoza saa moja kasoro dakika chache.
Ukilihesabu, halikuchukua hata robo saa:
majani yakawa majani, mawe yakawa mawe,
bwawa likawa bwawa la serikali
lenye kibao cha kukataza kuogelea.
Tulikunywa chai watu watatu, kwa kifuniko kimoja.

Mabela, jioni, mama amevaa miwani mbili,
ya kusomea juu ya ya kuonea.
"Nani kaimwaga chumvi yote hii?"
Nikamwambia jina lake. Akalirudia,
akalionja, akalitema taratibu.
Akaikuza picha kwa vidole viwili,
akaupita mti, akaupita ukungu,
akaupita na ule mviringo wa maji uliogandia hewani
ambao ndio nilioufuata mlima mzima,
akateremka mpaka chini kabisa, pembeni,
akanyamaza.

"Huyu mtoto," akasema, "hana soksi."